Je, ni Haki Mwenye Njaa Kutazama Mshtarii?



Kuna swali linalozunguka katika makazi yetu, nasi tumeona vema kulijibu katika ukurasa huu kuliko kuliacha liwe manung'uniko. Wengi mnajua kwamba vijana wetu wa kwaya, na watoto kadhaa wa shule ya Jumapili, huenda jioni za Ijumaa kwenye ua wa mwalimu mmoja mstaafu, mwenyeji wa Muhuta, kutazama sayari kwa darubini. Wazazi wengine wamefurahi. Wengine wameuliza, na wameuliza kwa uchungu: nyota zinagawa posho? Mtu asiyejua watoto wake watakula nini kesho ana haki gani ya kukesha akitazama kitu ambacho hatakifikia kamwe?

Swali hili si la kuchekwa. Wanaouliza wamezika watu njiani. Wala hatutawajibu kwa kusema kwamba elimu ya anga ina faida na kwamba siku moja itawapa vijana kazi. Huenda hakuna hata mmoja wao atakayepata sahani ya ugali kwa kuijua Mshtarii. Kwa hiyo tuliweke swali mahali pake: kama jambo hili halitushibishi, je, bado ni haki kulifanya?

Kwanza tueleze kinachotazamwa, maana wengi wanasema bila kuona. Darubini yenyewe ni bomba lenye urefu kama mkono wa mtu mzima, lina kioo mbele chenye upana wa milimita 70, na limesimama juu ya miguu mitatu. Halihitaji umeme wala betri. Muhuta iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo sayari hupita juu sana, karibu na utosi, kisha hushuka upande wa magharibi, ng'ambo ya ziwa. Na ng'ambo ya ziwa, kama tunavyojua sote, ni milima ya Kongo. Sayari ikizama inazama nyuma ya milima ile tuliyoiacha.

Mshtarii, ambayo wengi tuliisoma shuleni kwa jina la Jupita, kwa jicho tupu ni nyota kubwa nyeupe yenye mwanga uliotulia. Katika darubini inakuwa kisahani kidogo cha mviringo chenye mistari miwili hafifu, kama mistari ya kitenge kilichopauka. Kando yake huonekana nukta tatu au nne za mwanga, zimejipanga karibu mstari mmoja. Hizo ni miezi yake minne mikubwa: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Io huizunguka Mshtarii kwa siku moja na robo tatu hivi, Europa kwa siku tatu na nusu, Ganymede kwa siku saba, na Callisto kwa siku karibu 17. Ndiyo maana anayechora nukta hizo leo na kesho hupata picha mbili tofauti. Mshtarii ina miezi mingine pia, zaidi ya 90 kwa jumla, lakini hiyo ni midogo mno kwa darubini ya uani.

Wa kwanza kuandika habari za miezi hiyo minne alikuwa Galileo, mwalimu wa hesabu katika mji wa Padua, Italia. Tarehe 7 Januari 1610 aliona nukta tatu kando ya Mshtarii, akadhani ni nyota za kawaida. Usiku uliofuata zilikuwa zimehama. Akaendelea kuchora usiku baada ya usiku, na tarehe 13 akaona nukta ya nne. Darubini yake ilikuza vitu mara 20 tu, na vioo vyake havikuwa safi kama vya leo. Basi jambo lililowashangaza wasomi wa Ulaya zaidi ya miaka 400 iliyopita, mtoto asiye na viatu hapa Muhuta anaweza kulihakikisha kwa jicho lake mwenyewe. Wala kazi hii si ya Wazungu peke yao. Nchini Kenya, kwa zaidi ya miaka kumi sasa, Susan Murabana amekuwa akizunguka na darubini kubwa kutoka shule hadi shule ili watoto wa vijijini wapate kutazama.

Sasa tuje kwenye jibu letu. Tuna mambo matatu ya kusema upande wa ndiyo, na moja la kuonya.

Jambo la kwanza ni kuhusu kuhesabiwa. Tangu tulipovuka, wengine mwaka 1996, wengine 2004, wengine 2025, tumekuwa watu wa kuhesabiwa. Tulihesabiwa tuliposhuka kwenye mitumbwi na tuliposhuka kwenye malori. Tumetoa alama za vidole, tumepigwa picha, tumehakikiwa na kuhakikiwa tena. Hatulalamiki, maana asiyehesabiwa hapati mgao. Lakini miaka ya kuhesabiwa inamfanyia mtu jambo ndani yake. Anaanza kuamini kwamba kazi yake duniani ni kutazamwa. Wageni huja, humwangalia, huandika, huondoka. Naye husubiri mgeni mwingine.

Penye darubini mambo hugeuka. Hapo hakuna anayeulizwa kadi ya familia. Anaulizwa neno moja tu: umeona nini? Na jibu lake linangojewa. Jioni moja binti wa miaka kumi aliulizwa idadi ya nukta akasema ni tatu. Mwalimu akamwambia kitabu kinasema miezi mikubwa ni minne, atazame tena. Akatazama tena kwa muda mrefu, akasema bado ni tatu. Mwalimu akainama akatazama mwenyewe, akakuta ni tatu. Mwezi wa nne ulikuwa umejificha nyuma ya sayari, na baadaye usiku huohuo ukachungulia pembeni. Kitabu hakikukosea, na mtoto hakukosea. Lakini ni mara ngapi, wapendwa, mtoto wa makazi haya amesimama kwenye ushahidi wa macho yake, na mtu mzima akainama kuuhakikisha?

Tukumbuke Ibrahimu katika Mwanzo sura ya 15. Alikuwa mtu wa mahema, mgeni katika nchi isiyo yake, hana mtoto, na umri umekwenda. Mungu hakuanza kwa kumwandikisha. Alimtoa nje ya hema, akamwagiza atazame juu na ajaribu kuzihesabu nyota kama anaweza. Mgeni asiye na kitu akapewa kazi ya kuhesabu. Tumelihubiri fungu hilo mara nyingi kwa ajili ya ahadi ya uzao, na ni sawa. Lakini kabla ya Ibrahimu kuamini, alitoka nje akatazama.

Na historia ya mwambao huu wetu inatufundisha gharama ya mtu kutosikilizwa. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira wakitafuta kujua kama mto Rusizi unaingia katika Tanganyika au unatoka. Wana wa mtawala wa huko waliwaambia wazi kwamba mto unaingia. Hata hivyo wasomi wa Ulaya waliendelea kubishana kwa miaka 13, kana kwamba hakuna aliyesema. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia kutoka Ujiji, wakapita mwambao huu, wakalala usiku mbili Mugere, kaskazini kidogo mwa Muhuta, kisha wakafika kwenye mto na kuona maji yakiingia ziwani. Jiwe la Mugere lipo hadi leo, limechongwa majina ya wageni hao wawili na tarehe 25 Novemba 1871. Majina ya watu wa Uvira waliosema kweli tangu mwanzo hayapo juu ya jiwe lile.

Macho ya watu wa Uvira yalikuwa mazima. Hawakuhesabiwa kuwa mashahidi, basi. Kwa hiyo tunasema: mtoto anayejifunza kutazama kwa makini, kuchora alichokiona na kukisema bila hofu, anajifunza kuwa shahidi. Na watu wetu wanahitaji mashahidi kuliko wanavyohitaji watu wa kupigwa picha.

Jambo la pili ni kuhusu katikati. Zamani za Galileo wasomi wengi walifundisha kwamba vitu vyote vya mbinguni huizunguka dunia yetu. Miezi ile minne ilikataa. Ilikuwa ikizunguka kitu kingine, wala haikutuuliza sisi. Hapo watu wakaanza kukubali, polepole na kwa ugomvi mwingi, kwamba si kila kitu kinatuzunguka.

Msiba nao una tabia ya kujifanya katikati. Aliyefiwa huona kama dunia nzima inazunguka kaburi moja, na hatumlaumu. Lakini msiba wa kundi zima ukikaa miaka mingi bila kutazama nje, huwa hatari. Tumesikia katika makazi haya wa Uvira akimwambia wa Masisi kwamba vita vyao havikuwa vita. Tumesikia waliokuja 1996 wakiwaambia waliokuja 2025 kwamba wamekuta mambo yamelainika. Tumesikia pia watu wetu wakisema kwamba wenyeji wa hapa hawajui maana ya kupoteza.

Wenyeji wa hapa wanajua. Machi 2015, hapa hapa Muhuta, mvua iliporomosha mlima juu ya Gitaza. Watu walikufa, nyumba zilifunikwa, na barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge ikakatika. Kati ya 2020 na 2024 ziwa lilipanda na kumeza nyumba na mashamba ya mwambao, hata familia nyingi za Warundi zikawa wakimbizi ndani ya nchi yao. Mama anayetuuzia mihogo sokoni huenda alilala chini ya turubai kabla yetu.

Mshtarii ina miezi yake, na jirani ana wafu wake. Kukiri hivyo hakupunguzi msiba wetu hata kidogo. Dunia haikupoteza mwezi wake siku ilipojulikana kwamba Mshtarii ina minne. Chuki nyingi zilizotufukuza makwetu zilianza na watu walioamini kwamba damu yao ndiyo katikati na wengine ni vumbi linalozunguka. Kama nukta nne za mwanga zinaweza kumzoeza kijana kukubali katikati nyingine zaidi ya yake, hilo si jambo dogo kwa watu kama sisi.

Jambo la tatu ni kuhusu ulimi. Mwaka 1676 mtaalamu mmoja kutoka Denmark, Ole Rømer, akiwa Paris, aligundua kwamba mwezi Io unapopita katika kivuli cha Mshtarii huonekana kuwahi au kuchelewa kuliko hesabu, kulingana na umbali uliopo kati yetu na sayari hiyo. Akaeleza kwamba mwezi haukuchelewa. Ni mwanga wake uliotumia muda kusafiri. Leo tunajua kwamba mwanga wa Mshtarii hutufikia baada ya dakika 35 ikiwa karibu nasi, na zaidi ya dakika 50 ikiwa mbali. Kwa hiyo anayetazama hawezi kusema, "Mshtarii iko hivi sasa." Anaweza kusema tu, "Nimeona ilivyokuwa."

Tunajua sote jinsi habari za nyumbani zinavyotufikia. Simu inalia usiku: kijiji kimechomwa. Simu nyingine: kumetulia, rudini. Kuna familia zimefunga mizigo kwa ajili ya ujumbe ambao hakuna aliyejua uliandikwa lini wala na nani. Kuna ndoa zimetikisika kwa habari ya kifo cha mtu aliyekuwa hai. Mtu aliyefundishwa kwenye darubini anauliza maswali matatu kabla ya kuipitisha habari: nani ameona kwa macho yake? Ameona lini? Na tangu alipoona hadi habari iliponifikia, muda gani umepita? Laiti kila hema lingekuwa na mtu mmoja wa kuuliza hivyo, tungelala usingizi bora.

Sasa onyo. Wanaouliza swali lile wana haki katika sehemu moja, nasi hatutaificha. Mtu anaweza kutazama mbali ili asione karibu. Anaweza kujua majina ya miezi yote minne ya Mshtarii asijue jina la mgonjwa aliye hema la tatu kutoka kwake. Hata sisi wahubiri tunaweza kusema sana habari za mbinguni ili tusiulizwe habari za chungu. Kutazama kwa namna hiyo ni kukimbia mara ya pili.

Tuupimeje basi? Kipimo chetu ni hiki: jicho likitoka kwenye darubini, linaona jirani vizuri zaidi au vibaya zaidi? Vijana wenyewe wamejiwekea utaratibu, nasi tunaupongeza. Kabla ya kwenda uani kila Ijumaa, kila mmoja huchota maji ya kaya moja ya mzee au ya mjane. Penye darubini wadogo hutazama kwanza, na hakuna anayekaa muda mrefu, maana dunia inazunguka na sayari hutoka ndani ya kioo baada ya dakika chache. Anayeng'ang'ania humwachia mwenzake anga tupu. Ifikapo saa tatu usiku wote hurudi pamoja na mtu mzima. Kama utaratibu huo utavunjika, sisi wenyewe tutasimamisha safari hizo.

Kwa hiyo jibu letu ni ndiyo, ni haki. Mwenye njaa hakuacha kuwa mtu. Njaa imeshachukua nguvu za mwili, imechukua usingizi, imechukua shule za watoto wengine. Tusiikabidhi na macho kwa hiari yetu. Kama tungengoja tushibe ndipo tutazame juu, wengi wetu tungezikwa bila kuinua kichwa. Na anayekataza mtoto wa mkimbizi kutazama sayari kwa sababu ni maskini, anakubaliana, bila kujua, na wale wanaosema kwamba mkimbizi ni tumbo tu.

Kwa wale wasioweza kufika uani, yapo mengi ya kuonekana bila darubini. Zuhura ndiyo ile inayong'aa kupita nyota zote, mara jioni magharibi, mara alfajiri juu ya milima ya Burundi. Mshtarii huifuata kwa mwanga. Mirihi ina wekundu. Zohali ina mwanga wa manjano hafifu, na pete zake huhitaji darubini. Machi 2025 zilitugeukia kwa ukingo hata zikawa nyembamba kama uzi, na sasa zinafunguka tena polepole. Mwezi wetu wenyewe hutazamwa vizuri ukiwa nusu kuliko ukiwa mpevu, kwa sababu ukiwa nusu vivuli vya milima yake huonekana. Wavuvi wa ndagala hukaa nchi kavu mwezi ukiwa mpevu, kwani taa zao hazivuti samaki. Waulizeni, wanazijua nyota za usiku wa giza kuliko wengi wetu. Na wazazi, waonyeni watoto: mtu asielekeze darubini kwenye jua hata mara moja, maana hupofusha papo hapo.

Mwenye nafasi Ijumaa, aje na mtungi wake wa maji kwanza. Mwenye daftari alilete, achore nukta alizoziona na kuandika tarehe na saa. Daftari hizo tutazihifadhi kanisani, pamoja na majina ya waliochora.

Bwana awabariki na kuwalinda usiku na mchana.